WAHENGA KATIKA FILAMU YA MAREKANI

Katika shule hii hakuna watu wanaofanyishwa kazi ngumu kama wahenga. Kila tukipewa insha, wao ndio wa kwanza kuitwa. Wahenga walinena, wahenga walilonga, wahenga hawakukosea. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliwahi kuhesabu katika rundo moja la madaftari ya darasa letu akapata wahenga arubaini na saba, akauliza kama tunawafuga. Tulicheka hadi kengele ikalia. Basi mimi nilidhani hao wahenga ni mali yetu, watu wa Karatasi ya Kwanza, kumbe walikwisha kuvuka bahari ya Atlantiki wakaingia Hollywood bila pasipoti.

Nilikutana nao likizo ya Aprili nyumbani kwa shangazi. Binamu yangu wa chuo kikuu alikuwa akitazama filamu kwenye tarakilishi yake, nami nilikuwa napiga pasi. Filamu yenyewe inaitwa Get Out, kazi ya Jordan Peele, iliyotoka mwaka 2017. Skrini ilionyesha miti tu, inapita mbio kama mtu anavyoiona akiwa dirishani mwa gari, na juu ya hiyo miti sauti za watu zinanong'ona na kuimba. Nikasimamisha pasi.

"We, hicho si Kiswahili?"

"Wacha mchezo," akasema binamu.

Akarudisha nyuma. Kilikuwa Kiswahili! Tukatafuta kwenye simu jina la wimbo tukalipata: "Sikiliza Kwa Wahenga". Baada ya hapo binamu alinifukuza sebuleni, maana filamu hiyo ni ya kutisha na si ya umri wangu, lakini kisa chenyewe alinisimulia. Kijana mweusi, mpiga picha, anakwenda kuwatembelea wazazi wa mpenzi wake Mzungu, na huko hatari kubwa inamngoja. Zile sauti za mwanzo ni za waliokufa zamani. Zinamwonya aondoke, akimbie. Yeye hasikii, na hata angesikia asingeelewa. Waliokuwa wamejaa katika kumbi za sinema kule Marekani hawakuelewa pia. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Kati ya watu wote waliotazama filamu ile duniani, sisi wasemaji wa Kiswahili ndio tuliopewa onyo kwa lugha tunayoijua. Mama mboga wa soko la Kibuye angeingizwa humo angesimama dakika ile ile na kupiga kelele, "Kijana, wanakuambia utoke!"

Aliyeutunga wimbo huo ni Michael Abels, Mwamerika Mweusi aliyezaliwa Phoenix mwaka 1962 na kulelewa shambani kwa babu na bibi yake katika jimbo la South Dakota. Alisomea utunzi wa muziki chuoni huko California, baadaye akajifunza muziki wa Afrika Magharibi, na kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa muziki shuleni. Naam, mwalimu wa shule. Aliandika kazi za okestra na za vikundi vidogo na hakuna aliyemwita Hollywood. Kisha Jordan Peele, akitafutatafuta kwenye YouTube, akaisikia kazi yake iitwayo Urban Legends, ambayo aliiandikia wapiga nyuzi wanne pamoja na okestra. Akampigia simu. Get Out ilipotoka Abels alikuwa na miaka hamsini na minne, na hiyo ndiyo filamu yake kubwa ya kwanza. Ameeleza kwamba Peele alitaka sauti za watu weusi zisizo na tumaini, jambo ambalo ni gumu, kwa sababu nyimbo za Waamerika Weusi, hata zile za utumwani, aghalabu huacha mlango wa tumaini wazi kidogo. Walishirikiana tena katika Us (2019) na Nope (2022). Na mwaka 2023 Abels pamoja na Rhiannon Giddens walipewa Tuzo ya Pulitzer kwa opera yao Omar, inayohusu Omar ibn Said, mwanachuoni Mwislamu aliyetekwa Afrika Magharibi akauzwa Carolina.

Shule zilipofunguliwa nililipeleka jina la wimbo chamani. Loo! Mkutano uligeuka mahakama. Mwenyekiti akasema hiyo si sarufi. Kitenzi "sikiliza" kinataka yambwa, hakihitaji "kwa". Ilifaa iwe "wasikilize wahenga". Katibu akapinga, akasema huenda neno limefichwa, kama tunavyosema "nimesikia kwa jirani", yaani maneno yametoka kwa jirani. Mwingine akasema Wamarekani watuachie Kiswahili chetu. Mlezi wa chama alituacha tukachoka, kisha akasema, "Hesabuni mizani."

Tukahesabu kwa vidole. Si-ki-li-za-kwa-wa-he-nga. Nane! Kipande kizima cha mshororo wa shairi. Mwenyekiti naye akahesabu ya kwake: wa-si-ki-li-ze-wa-he-nga. Nane pia. Akafurahi kama aliyeshinda kesi. Lakini subiri, msomaji, hilo nitalirudia, kwa sababu mizani ilitimia na bado mambo hayakutimia.

Tangu siku hiyo nilianza kuuliza swali jingine. Kama huyu Abels alikuwa amekaa miaka yote hiyo bila kuitwa, wengine ni akina nani? Mimi napiga fidla. Nilijifunza Jumamosi katika ukumbi wa kanisa moja hapa Kisumu, ambako kuna mwalimu anayefundisha watoto bure, kwa hiyo majina ya watunzi wa zamani wa Ulaya nayajua. Ya watunzi weusi wa filamu sikujua hata moja. Nilipoanza kutafuta nilishangaa.

Wa zamani kabisa niliyempata ni William Grant Still, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1895. Symphony yake ya kwanza, Afro-American Symphony, ilipigwa na okestra ya Rochester mwaka 1931, na hakuna Mwamerika Mweusi kabla yake ambaye symphony yake ilipigwa na okestra kubwa. Mtu kama huyo alipohamia Los Angeles alifanya kazi gani katika filamu? Alikuwa miongoni mwa wale waliopanga ala katika muziki wa Lost Horizon mwaka 1937, na mtunzi anayetajwa ni Dimitri Tiomkin. Baadaye akaajiriwa asimamie muziki wa Stormy Weather, filamu ya mwaka 1943 yenye waigizaji weusi watupu. Akaiacha kazi hiyo kabla haijakwisha, kwa kuwa hakuridhika na jinsi studio ilivyowachukulia watu weusi na muziki wao. Kuacha mshahara wa Hollywood si mchezo.

Hapa naomba ruhusa nizungumze kidogo juu ya Babu.

Babu yangu, ambaye tunaishi naye, alipiga gitaa la pili katika bendi ya benga miaka ya sabini. Bendi sitaitaja. Walirekodi santuri ndogo kadhaa, na moja anayo hadi leo ndani ya bahasha ya karatasi, chini ya godoro. Pale katikati pameandikwa jina la wimbo, jina la kiongozi wa bendi na jina la kampuni. Basi. Babu alipewa nauli na chakula. Hana uchungu, au kama anao hauonyeshi. Husema tu, "Ukisikiliza lile gitaa linalojibu, ni mimi." Nilipomsomea habari za Still na Lost Horizon alitikisa kichwa kama anayesikia habari za mtu wa kijijini kwao. Siku moja nilichukua kalamu nikataka kuandika jina lake kwenye ile santuri. Akaninyang'anya.

"Mjukuu wangu, usichafue kitu cha watu."

Cha watu! Nami nilikuwa nikidhani ni chake.

Mwaka 1959 mambo yalisogea kidogo. Duke Ellington aliandika muziki wa Anatomy of a Murder, filamu ya Otto Preminger inayohusu kesi ya mauaji, akishirikiana na Billy Strayhorn, mwenzake wa miaka mingi. Kabla ya hapo, mwanamuziki mweusi akionekana katika filamu kwa kawaida alikuwa amewekwa ndani ya hadithi, anapiga piano katika baa ili wahusika wacheze. Muziki ambao wahusika hawausikii, ule unaotuambia sisi watazamaji tuogope au tuhurumie, uliachiwa wengine. Ellington aliuandika huo, na akapata tuzo tatu za Grammy. (Yeye mwenyewe anaonekana kidogo humo, tena akipiga piano katika baa!)

Kisha akaja Quincy Jones. Huyu hata wasiomjua wanamjua, kwa maana ndiye aliyesimamia albamu za Michael Jackson. Alizaliwa Chicago mwaka 1933 na kufariki Novemba 2024. Alianza na tarumbeta, na mwaka 1957 akaenda Paris kusoma utunzi kwa Nadia Boulanger, mwalimu aliyeogopwa na kupendwa na watunzi wa pande zote za dunia. Filamu yake kubwa ya kwanza ilikuwa The Pawnbroker ya mwaka 1964. Mwaka 1967 aliandika mbili kwa mpigo, In the Heat of the Night na In Cold Blood. Quincy mwenyewe alisimulia kwamba Truman Capote, mwandishi wa kitabu cha In Cold Blood, alimpigia simu mwongozaji akiuliza kwa nini mtu mweusi anapewa muziki wa filamu isiyo na watu weusi. Mwongozaji akakataa kumwondoa. Muziki huo ulitajwa kuwania Oscar.

Ninachompendea Quincy ni kwamba hakuingia mlangoni akaufunga nyuma yake. Alipofanya muziki wa Roots mwaka 1977 aliwaita Letta Mbulu na Caiphus Semenya, Waafrika Kusini waliokuwa uhamishoni. Huyo Letta Mbulu ndiye anayesema maneno ya mapenzi kwa Kiswahili mwanzoni mwa "Liberian Girl" ya Michael Jackson (1987). Na The Color Purple ya mwaka 1985 ilipotajwa kuwania Oscar ya muziki, orodha ilikuwa na majina kumi na mawili, Semenya akiwemo. Kumi na mawili! Filamu ile ilitajwa katika vitengo kumi na kimoja na haikupata hata tuzo moja, lakini hayo majina yameandikwa na hayafutiki. Nilimsomea Babu yote.

Wengine nawataja mbiombio. Isaac Hayes alipata Oscar mwaka 1972 kwa wimbo wa Shaft. Herbie Hancock aliipata ya muziki wa filamu mwaka 1987 kwa Round Midnight. Mweusi aliyefuata kuipata hiyo ya muziki wa filamu ni Jon Batiste mwaka 2021, kwa Soul, pamoja na wenzake wawili. Piga hesabu mwenyewe. Ni miaka thelathini na minne.

Sasa, muziki wa filamu una bahati mbaya moja. Umelazwa chini ya vitu vingine. Fundi wa sauti anauteremsha wahusika wakianza kuzungumza, mlango ukibamizwa unafunikwa, na mtunzi akifanya kazi yake vizuri sana hutambui kwamba alikuwapo. Jina lake likija mwishoni watu wamesimama, wanatafuta viatu. Kwenye televisheni ndiyo wakati wa tangazo la sabuni.

Ndiyo maana nimependa habari za wale wanaouchukua muziki huo, au watunzi hao hao, na kuwaweka mbele ya watu kwa ala chache tu. Fidla mbili, viola na chelo. Au wapuliza filimbi na zumari watano. Huitwa muziki wa chemba, yaani wa chumbani, kwa vile zamani ulipigwa sebuleni. Hauna mwongozaji wa kupunga kijiti. Nani anaanzisha? Mwenye fidla ya kwanza anavuta pumzi, wenzake wanaisikia, na wote wanaingia. Ukizubaa umeachwa. Katika okestra ya watu themanini unaweza kukosea noti usijulikane, lakini mkiwa wanne, hata mbwa wa jirani anajua. Na aliyekuja kusikiliza hana kitu kingine cha kutazama. Hakuna gari linalofukuzwa wala wapenzi wanaobusiana. Kuna watu wanne tu na muziki, na jina la mtunzi kwenye karatasi mkononi mwake.

Terence Blanchard ni mfano mzuri. Ni mpiga tarumbeta wa New Orleans, mtunzi wa Spike Lee tangu Jungle Fever mwaka 1991, kisha Malcolm X (1992) na nyingine nyingi. Kimbunga Katrina kilipoufurisha mji wao mwaka 2005, Spike Lee alitengeneza filamu ya kweli kuhusu maafa hayo, When the Levees Broke, na humo Blanchard anaonekana akimrudisha mama yake kwenye nyumba yake iliyoharibiwa na maji. Muziki aliouandikia filamu hiyo hakuuacha umelala humo. Aliutoa, akaukuza, akaufanya albamu ya maombolezo mwaka 2007. Kisha mwaka 2021 akatoa albamu ya Absence pamoja na Turtle Island Quartet, ambao ni wapiga nyuzi wanne, na Septemba mwaka huo huo opera yake Fire Shut Up in My Bones ikafungua msimu wa Metropolitan Opera ya New York. Nyumba hiyo ilianza mwaka 1883 na ilikuwa haijawahi kupiga opera ya mtunzi mweusi hata siku moja.

Wapuliza watano nao wapo, wanaitwa Imani Winds. Jina lao si la kubahatisha, ni imani hii hii yetu. Kundi lilianzishwa mwaka 1997 na Valerie Coleman, mpiga filimbi, ambaye pia ametunga kazi iitwayo Umoja. Majina hayo Waamerika Weusi wameyapata katika Kwanzaa, sikukuu yao iliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo siku zake saba zote zina majina ya Kiswahili. Jason Moran, aliyeandika muziki wa filamu ya Selma (2014), aliwaandikia Imani Winds kazi inayoitwa Cane, kuhusu ukoo wake wa Cane River kule Louisiana. Yaani mtu anayewakumbuka wahenga wake anawapelekea wapuliza filimbi wenye jina la Kiswahili. Nilipomwambia mlezi alisema, "Andika hiyo."

Nikapendekeza chama chetu kifanye alasiri moja ya namna hiyo. Ugomvi ukazuka upya. Mwanachama mmoja wa Kidato cha Nne akauliza, "Hiki ni Chama cha Kiswahili au cha Marekani?" Rafiki yangu akauliza kitu kigumu zaidi. "Kwani sauti ina rangi? Muziki wa Black Panther uliandikwa na Msweden, Ludwig Göransson, ukapata Oscar mwaka 2019, na wote mliupenda." Ni kweli. Tena Göransson alisafiri Senegal akakaa na Baaba Maal, hakukaa ofisini akabuni Afrika yake. Sina neno naye. Nilimjibu rafiki yangu kwamba sauti haina rangi lakini ile simu ya Capote ilikuwa na rangi. Sijui kama alikubali. Mlezi aliamua hivi: mtapiga, lakini kila mtunzi atatambulishwa kwa Kiswahili sanifu, na wimbo mmoja lazima uimbwe kwa Kiswahili. Mwenye kuandika utambulisho akawa mimi.

Mazoezi yalianza Juni. Fidla mbili, chelo ya kuazima iliyofungwa seloteipu ubavuni, na kinanda badala ya viola. (Ndipo nilipoelewa kwa nini watu walilia walipotazama The Last Repair Shop, filamu fupi ya Kris Bowers na Ben Proudfoot iliyopata Oscar mwaka 2024. Inahusu karakana ya Los Angeles ambamo ala za wanafunzi wa shule za umma hutengenezwa bure, ala zaidi ya elfu themanini. Bowers ni mtunzi wa Green Book. Babu yake alihama Florida akafika Los Angeles akafungua duka la kufua nguo. Benki zilimnyima mkopo akienda mwenyewe, akaanza kutuma maombi kwa posta, wasimwone, akapewa.) Mwalimu wetu wa Jumamosi alitupangia ule muziki mtaratibu wa The Color Purple, na "Sikiliza Kwa Wahenga" tukaupanga kwa kusikiliza, pamoja na wasichana sita wa kuimba.

Hapo ndipo mizani ilipotusumbua. Mwenyekiti alisisitiza tuimbe sarufi yake. Silabi nane kwa nane, si sawa? Tukajaribu, na kila mara tukagongana. Ilichukua siku mbili kujua sababu. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Katika "sikiliza kwa" unaangukia silabi ya tatu. Katika "wasikilize" unahamia ya nne. Chelo yetu ilikuwa inagonga kwenye ya tatu. Waimbaji walikuwa wanakanyaga ngazi ambayo haipo. Mwenyekiti akataka chelo ihame. Mpiga chelo, mtu mpole sana, akasema, "Wimbo ni wa Abels. Jina lake tumeliandika hapo juu. Tukibadilisha, tuandike la nani?" Tukauacha ulivyo.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa ya Julai, saa tisa alasiri, kwa kuwa sisi ni wa kutwa na wengine wana matatu mbili za kupanda. Ukumbi ulikuwa ule wa chakula, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili projekta ionekane. Filamu hatukuonyesha, mlezi alikataa, na alikuwa na haki. Badala yake mwenzetu mmoja alikuwa amepiga picha za video za miti kutoka dirishani mwa matatu, barabara ya Kakamega.

The Color Purple ilikwenda salama, ingawa fidla ya pili ilikatika uzi na mwenye fidla akamalizia kwa nyuzi tatu. Kabla ya kipande cha pili nilisoma habari za Still na za wote ambao kazi yao ilisikika na majina yao hayakutajwa. Kisha nikasema mmoja wa watu hao amekaa mstari wa nne, nikataja jina lake, majina yote matatu, gitaa la pili. Watu wakageuka. Babu naye akageuka kutazama nyuma, anamtafuta huyo mtu. Ukumbi ukacheka na kupiga makofi, na yeye akabaki ameshika kofia. Jina silirudii hapa. Amesema pale ukumbini palitosha.

Wimbo wa wahenga tuliuanza, miti ikaanza kupita ukutani, na katika kipande cha nne hivi stima ikapotea. Projekta ikazima, kinanda kikazima. Mablanketi yakafanya giza. Nilisikia mpiga chelo akivuta pumzi kwa nguvu, makusudi, nikajua tunaendelea. Tukaendelea. Wasichana sita, fidla mbili na chelo, gizani, wakinong'ona lugha ambayo kila aliyekuwa humo aliielewa. Sijawahi kusikia ukumbi wa chakula umenyamaza vile. Mwalimu wa zamu aliniambia baadaye kwamba nywele za mkono zilimsimama, na yeye ni mwalimu wa Hesabu.

Njiani kwenda nyumbani Babu alisema fidla si mbaya, ni orutu iliyozidishiwa nyuzi.

Mwaka ujao tunataka kupiga kitu cha Still mwenyewe. Mwaka 1956 aliandika kazi iitwayo Ennanga, ya kinubi, piano na nyuzi, na jina hilo ni la kinubi cha Waganda, majirani zetu hapa. Mpiga chelo atakuwa amemaliza Kidato cha Nne na ile chelo itabidi irudi kwa wenyewe. Kinubi cha Wazungu hatuwezi hata kukiota. Lakini mwanachama mmoja ana mjomba anayepeleka samaki hadi Jinja, na ameahidi kuuliza bei ya ennanga ya kawaida akivuka Busia mwezi ujao.